Viatu vya mtoto aliye China

Mhariri,

Jirani zetu hapa Minnesota walikubaliwa mwaka 2019 kumwasili binti kutoka China, mwenye tundu kwenye moyo. Korona ikafunga safari. Kila mwaka mama hununua viatu vya namba kubwa zaidi. Jozi tano zimepangwa chini ya kitanda, hazijakanyaga udongo.

Septemba 2024 China ikatangaza kwamba wageni hawataasili tena watoto wake, isipokuwa ndugu wa damu na wazazi wa kambo. Kupanga sheria zake ni haki yake. Lakini mamia ya familia zilizokwisha kupangiwa watoto, wengi wao wagonjwa, zifanyeje? Moyo wa mtoto hausubiri makaratasi. Naiomba China, jamani, iwaruhusu jirani zetu hao wakamchukue binti yao.

Msomaji, Minneapolis