Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Mkaa Unaonasa Sumu Majini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kukubali kuja kufungua maonyesho yetu. Ulipopita mezani kwetu uliuliza kwa nini chupa moja ina maji ya buluu na nyingine maji yaliyopauka, ilhali zote zilijazwa kutoka ndoo moja. Tulikuomba usubiri risala.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya ndoo ile tuliyeyusha mrututu kidogo, ambao ni chumvi ya shaba. Chupa iliyopauka tuliitia bayocha, tukaitikisa, kisha tukayachuja maji. Bayocha ni mkaa wa mabaki ya mimea, kama magunzi au pumba za mpunga, yaliyochomwa katika chombo kisichopitisha hewa ya kutosha, kwa kawaida kwenye nyuzi 300 hadi 700 za Selsiasi. Kwa kuwa oksijeni ni haba, mabaki hayateketei yakawa majivu. Hubaki mkaa wenye vitundu vingi mno visivyoonekana kwa macho, na ndimo shaba ilimonaswa.

Tulichagua shaba kwa sababu rangi yake inaonekana. Risasi na kadimiamu, ambazo ni metali nzito zenye sumu, zikiyeyuka majini hazina rangi, na hizo ndizo zinazotutia hofu. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa, na kadimiamu isizidi 3. Uchafu wa jikoni huoza. Metali nzito haiozi kamwe. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, zebaki ya maji taka ya kiwanda iliingia kwa samaki, na kupitia samaki ikawafikia watu na hata watoto waliokuwa bado tumboni.

Sasa, Mheshimiwa, mkaa mtupu una mipaka yake. Uso wake mara nyingi una chaji hasi, hivyo huvuta risasi, kadimiamu na shaba, ambazo zina chaji chanya. Arseniki, pamoja na ile kromiamu yenye sumu kali zaidi, mara nyingi husafiri majini zikiwa na chaji hasi, na mkaa huzisukuma mbali. Ndipo unapohitajika uboreshaji. Mabaki ya mimea yakilowekwa kwenye chumvi ya chuma kabla ya kuchomwa, mkaa hutoka umevikwa oksidi za chuma zinazoikamata arseniki. Ukitengenezwa vizuri hushikwa hata na sumaku, kwa hiyo huopolewa majini bila taabu ya kuchuja. Wengine huutibu kwa asidi au alkali ili kuongeza vitundu na sehemu za kushikia metali. Maji yenyewe pia yana neno: yakiwa na asidi nyingi, haidrojeni hugombania nafasi zile zile, na risasi hukosa pa kukaa.

Jambo lililotushughulisha kuliko yote lilikuja baada ya jaribio. Mwenzetu mmoja alipendekeza mkaa uliotumika umwagwe bustanini, kwa kuwa bayocha husifiwa kwa kustawisha udongo. Tulijadiliana muda mrefu, tukakataa. Shaba ile haikutoweka. Ilihama tu kutoka majini kwenda kwenye mkaa. Asidi hafifu inaweza kuiosha ili mkaa utumike tena, lakini hapo metali inakuwa imehamia kwenye asidi, nayo inahitaji mahali pa kwenda. Mkaa wetu tumeuweka kwenye kopo lenye kifuniko na maandishi ya tahadhari.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni machache. Tunaomba kipima pH, yaani kifaa cha kupima ukali wa asidi, kwa sababu hadi leo tunategemea karatasi za litmasi, ambazo hutuambia kuna asidi bila kutuambia ni kiasi gani. Tunaomba pia utuunganishe na maabara inayopima kiwango cha metali majini, maana kupauka kwa rangi hakutoshi kutuhakikishia kwamba maji ni salama. Na tunaomba ushauri wa wataalamu wa taka hatarishi kuhusu kopo letu, kabla hatujajaribu metali nyingine yoyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi