Mdogo wangu dereva, wiki tatu si chapati

Mdogo wangu,

Salamu za nyumbani utazipata kwa Mama. Mimi naanza na mkanda wako.

Jumapili uliposimamisha trela hapa Tororo, ukala vijiko viwili vya wali ukasema umeshiba, niliuona. Una tundu jipya, si la kiwandani. Umelitoboa kwa msumari, limechanika ubavuni, na suruali bado inashuka. Sikusema neno kwa kuwa watoto walikuwepo. Ulipofungua mlango wa gari kuwapa ndizi, nikaona chini ya kiti karatasi za chooni, mafungu kwa mafungu kama mtu anayefungua duka. Nikamuuliza wifi. Akasema unaharisha, wiki ya tatu hii, na kwamba usiku unaamka mara mbili kwenda nje.

Wewe unasema ni chapati za Elegu, kule mpakani na Sudan Kusini. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hadharani bila jina lako. Najua ukikaa kwenye foleni ya Malaba husomi kitu kingine isipokuwa simu. Na wenzako waliopanga magari nyuma yako wasome pia, maana wengine wana tumbo kama lako na wanamlaumu mpika chapati yuleyule.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni maabara, huu mwaka wa 14 nachungulia vinyesi vya watu kwa hadubini, na Mama mpaka leo akiulizwa husema binti yake "yuko hospitali" tu, basi. Lakini hesabu ya siku naijua. Kuhara kwa chakula kibaya huisha kwa siku mbili tatu, kukizidi sana wiki. Kukifika siku 14 tayari ni jambo jingine, na kukivuka wiki nne madaktari hukuita kwa kudumu. Virusi na bakteria wengi wa chakula mwili huwatoa wenyewe mapema. Kinachobaki baada ya siku hizo 14 ni mdudu aliyeshindikana, au kitu ambacho si mdudu kabisa. Na choo kinachomwamsha mtu usingizini kina uzito wake. Tumbo la wasiwasi, lile la kukorofishwa na mawazo, kwa kawaida hulala mwenyewe akilala.

Sasa hizo dawa zako. Wifi ameniambia: Flagyl nne Malaba, mbili Soroti, ukapata nafuu ukaacha, halafu Lira ukaongeza bia. Hujamaliza dozi hata moja. Umewachokoza tu wadudu. Mwenye duka la dawa simlaumu sana, umemwambia "nipe za mia tano" naye akakupa za mia tano. Bia juu ya Flagyl nayo acha, imeshawatapisha wengi mpaka wakadhani wamelogwa. Na vile vidonge vya kufunga choo unavyomeza kabla ya safari ndefu? Kama choo kina damu au una homa, hiyo ni kufunga mlango na mwizi yuko ndani.

Usidhani nakucheka. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliharisha siku kumi na nane. Kliniki moja ya mtu binafsi ikanitoa tone la damu, ikasema taifodi, nikachomwa sindano wiki nzima. Kipimo kile cha haraka kinaweza kuonyesha taifodi hata kwa mtu aliyeugua zamani au mwenye homa nyingine, na kwetu kila tumbo ni taifodi mpaka ithibitike vinginevyo. Kumbe nilikuwa na jiadia, mdudu wa utumboni asiyeonekana kwa macho. Nilimgundua mwenyewe kwenye choo changu, ana umbo la tone na macho mawili yanayokutazama. Dalili zake nilikuwa nazo zote: choo chenye mafuta kinachoelea, gesi, na mbweu za mayai viza. Mume wangu alihamia sebuleni.

Ndiyo maana nataka choo chako, si maelezo yako. Nacho kina masharti. Kiwe cha asubuhi hiyohiyo, kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko, kisichanganyike na mkojo wala maji. Wapo wanaoniletea kwenye kiberiti, kimekauka tangu jana. Amiba hai hufa haraka. Choo cha majimaji kikikaa zaidi ya nusu saa, ninachoona ni mabaki yake, naandika "hakuna kitu" na wewe unaondoka na amiba wako. Tena kimoja hakitoshi. Jiadia hatoki kila siku, kwa hiyo tunaomba mara tatu, siku tofauti. Wapo wengine, kriptosporidiamu mmojawao, ambao hawaonekani mpaka tutie rangi maalumu, na rangi hiyo haitiwi kama aliyekuandikia kipimo hakuiomba. Mwambie siku zote ulizoharisha, usimpunguzie hata moja. Na kabla ya kuniletea hicho choo usimeze kidonge cha tumbo.

Hapa nakuja kwenye lile linalokufanya usipokee simu.

Ulikuwa mdogo, lakini ulisikia. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda pamoja na wenzao wa nje waliandika juu ya ugonjwa wa Rakai ambao watu waliupa jina la Slim, kwa sababu mtu aliharisha, akakonda, akaisha. Ndio ukimwi. Tangu hapo, dereva akikonda na kuharisha, mtaa humaliza hukumu kabla ya kipimo. Kwa hiyo unaona bora kulaumu chapati. Nakuelewa. Lakini kuharisha huku kunaweza kuwa jiadia, au kichocho ulichokiokota ziwani, au kifua kikuu cha utumbo, au tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kunaweza kuwa hata dawa: metformini ya kisukari huharisha watu, na antibiotiki zinaweza kuvuruga tumbo lililokuwa zima. Kwa mtu aliyepita miaka 45, damu kwenye choo huangaliwa kama uvimbe wa utumbo mpaka ikanushwe. Na ndiyo, kunaweza kuwa VVU pia. Vituo vya serikali hupima bure, na siku hizi wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, wanaendesha magari, wanazeeka. Asiyepima ndiye anayekonda kama wa mwaka 1985.

Kufika kwangu bado una siku mbili za barabara, basi kunywa. Si soda wala hivyo vinywaji vya nguvu vya kopo. Sukari yao ni nyingi mno, inavuta maji kuyaleta utumboni badala ya kuyapeleka mwilini. Nunua pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na usome kilichoandikwa, nyingi ni za lita moja. Ukizikosa, chukua chupa mbili za nusu lita za maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi kwa kuona haikolei. Kunywa kikombe kila baada ya choo, kinachobaki kesho kimwage. Haitafunga choo, usije ukasema haifanyi kazi. Kazi yake ni kurudisha maji: sukari huishika chumvi mkono wakapita pamoja ukuta wa utumbo, na maji huwafuata. Mwaka 1971, kipindupindu kilipowavamia wakimbizi wa Bangladesh kambini Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu, akakoroga chumvi na glukosi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakanywesha kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mapipa, mdogo wangu. Wewe unashindwa na chupa mbili?

Kula pia. Matoke, wali, uji, ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha. Chai ya maziwa iache kwa wiki kadhaa, utumbo uliochoka hushindwa kuyasaga, na wewe unakunywa vikombe vitano kwa siku.

Lakini usinisubiri mimi ukiona mojawapo ya haya: damu, au choo cheusi kama lami; choo cha maji meupe kama ya kuoshea mchele, kinachomwagika bila kukoma; homa kali; kutapika hata maji; kukaa nusu siku bila mkojo, au mkojo rangi ya chai ya rangi; kizunguzungu ukisimama; misuli ya miguu kukaza. Hapo paki gari, mpigie tajiri wako, na uingie kituo chochote kilicho karibu, hata kama ni usiku. Kama unaweza kuchagua, usiishie kituo cha daraja la pili. Maabara kwa kawaida inaanzia daraja la tatu, na daktari daraja la nne. Mzigo wa saruji hauozi. Na mtu mwenye kizunguzungu nyuma ya usukani wa tani 28 hajiui peke yake.

Wifi anasema utapita Jumatano. Tunafungua saa mbili asubuhi. Mkebe nimekuwekea, umeandikwa herufi moja tu ya jina lako. Usipitie mbele kwenye benchi la wagonjwa, zunguka nyuma penye mwembe, kuna mlango wa bluu. Choo kiko palepale, hatua kumi kutoka kwenye hadubini yangu.

Dada yako.