Barua kwa Sudi: karakana ya nguzo nyuma ya nyumba

Tororo,
20 Aprili

Kwako ndugu yangu Sudi,

Salamu nyingi kutoka chini ya mwamba wa Tororo. Mimi, Mama Amina na watoto tu wazima, ila mgongo wangu bado unanikumbusha mwezi wa Januari kila ninapoinama kufunga viatu. Mama yako nilimpitia Ijumaa, hajambo, anasema humpigii simu.

Yale ya "lengo na madhumuni ya barua hii" tuliyokaririshwa shuleni nayaruka. Lengo unalijua. Umeniuliza mara mbili kwa simu kama ni kweli nimejenga "kibanda" uani, na mara zote mbili mtandao ukakatika kabla sijakutukana ipasavyo. Sasa nakujibu kwa kalamu, na kwa kuwa umesema nawe unafikiria kujenga kitu huko Eldoret, nitakueleza kwa urefu.

Si kibanda. Ni karakana ya mita 6 kwa 9, nguzo kumi, paa la mabati la mgongo, kuta hazipo bado ila upande mmoja nilioziba kwa mbao dhidi ya mvua ya upepo. Hakuna msingi wa mawe wala mtaro wa kuzunguka. Kila nguzo imeshuka ardhini na kushikwa na zege lake, na paa lote linakaa juu ya nguzo hizo. Wakulima wa Marekani walijenga maghala yao hivyo walipobanwa na uchumi miaka ya 1930, na hadi leo wanaendelea. Lakini mimi na wewe hatukuhitaji kwenda Marekani kujifunza. Nyumba ya babu yangu, ile ya miti na udongo tuliyokuwa tukiikimbilia mvua ikitukuta malishoni, ilisimama kwa hesabu ile ile. Tofauti ni kwamba babu alijua kila baada ya miaka michache atang'oa nguzo zilizoliwa na mchwa na kuweka nyingine, naye hakuona taabu. Alichoma mwisho wa mti motoni mpaka uwe mweusi, akaupaka majivu, akaushindilia shimoni. Mimi sina subira hiyo, na misitu yake haipo tena.

Kwa nini si matofali? Pesa kwanza. Ingawa kiwanda cha saruji tunakiona kutoka mlangoni, mfuko haujawahi kuwa wa bure. Halafu useremala unataka hewa. Ulikuwepo enzi zile nilipofanya kazi kwenye kile chumba cha nyuma pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, nikitema vumbi la mbao mpaka usiku. Na ubao wa mita nne unaugeuzaje ndani ya chumba chenye mlango mmoja? Hapa nauingiza kutoka upande wowote ninaotaka.

Ruhusa sikuikimbia. Nilianza kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yeye akanisindikiza kwa majirani ili mpaka ujulikane mbele ya macho ya watu, kisha nikapeleka mchoro kwenye kamati ya majengo ya manispaa, maana tangu Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 hata jengo dogo lina mwenyewe wa kuliuliza. Ilichukua muda. Nikatumia muda huo kugombana na mama mkwe.

Ugomvi ulihusu kichuguu. Unakikumbuka kile kikubwa karibu na mwembe? Mimi nilitaka kukichimba mpaka kwa malkia, nikiwaza mchwa na nguzo zangu. Mama mkwe akaniambia mbele ya watoto kwamba kichuguu kile kinatoa kumbikumbi kila mvua zinapoanza, kwamba yeye ndiye huwasha taa usiku na kuwakusanya, na kwamba mkwe anayemnyima mkwewe kumbikumbi atajibu kwa Mungu. Sasa wewe ungefanya nini? Kichuguu kipo. Nilisogeza karakana upande wa pili wa uwanja, ingawa najua mchwa husafiri mbali chini ya ardhi na hatua thelathini kwake si safari. Ndipo nikaamua kwamba nguzo lazima ziwe zilizotiwa dawa kiwandani, hata kama zitanilia akiba ya mwaka.

Hapa sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kupoteza kila kitu.

Nguzo zile ni za mikaratusi, kama za umeme. Hutiwa dawa kwa mashine ya mgandamizo, dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, ndiyo maana zina rangi ya kijani. Lakini dawa haifiki katikati ya mti. Inaingia kwenye sehemu ya nje, ile laini, na kwenye ncha mbili. Moyo wa mti unabaki kama ulivyozaliwa. Nilinunua za mita 5, zenye unene wa sentimita 15 hivi. Nilihitaji mita 4: moja ya ardhini, tatu za juu. Kwa hiyo kila nguzo ikatwe mita moja. Nilimwambia fundi "kata mita moja", nikaenda zangu kuswali Ijumaa.

Niliporudi, nguzo tatu zilikuwa zimesimama na zege bichi miguuni. Nikampongeza. Kisha nikapita jikoni nikamkuta Mama Amina amepanga vipande vizuri kando ya mafiga, anataka kuchemshia maharage. Nikaokota kimoja. Kilikuwa kinene. Upande mmoja kijani kitupu, upande alikokata kijani cha pembeni tu kama ganda la tikiti, na katikati mti mwekundu mkavu. Sudi, fundi alikuwa amekata upande wa chini! Alikata shina, mwisho mnene, kwa sababu ulikuwa mzito na haukuingia vizuri shimoni. Maana yake ule moyo usio na dawa ndio uliokuwa umezikwa, umetazamana na mchwa wa mama mkwe kama sahani iliyoandaliwa.

Sikujua nianze na lipi. Nilianza na jiko. Kuni za mti uliotiwa dawa ile hazichomwi: aseniki inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu yetu unajua yanakokwenda, kwenye sufuria za kusuguliwa na kwenye mboga. Mama Amina alinuna, akasema kuni nzuri hivyo. Nikamwonyesha mikono yangu iliyokuwa ikiwasha kwa kubeba nguzo bila glavu, akanyamaza. Hata unga wa msumeno wa nguzo zile niliufagia na kuuweka mbali na kuku. Vipande vyenyewe sikuvitupa, vimekuwa miguu ya jukwaa la kuanikia mbao huko nje.

Kisha nikarudi kwenye nguzo. Tulizing'oa zote tatu, zege likiwa bado bichi, tukazigeuza. Ncha nyembamba, ile ya kiwandani ambayo haikuguswa na msumeno, ikaenda chini, na ncha iliyokatwa ikaenda juu chini ya bati ambako hakuna udongo, nayo nikaipaka dawa ya brashi mara mbili. Kwa hiyo karakana yangu ina nguzo tatu zilizosimama kichwa chini miguu juu. Wale wazee wanaokaa kwa jirani kuzunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, mirija mdomoni tangu saa tisa, hawakuacha kunicheka wiki nzima. Mmoja akauliza kama na ng'ombe nitawafunga kwa mikia. Fundi sikumfukuza. Ni mzuri sana kwenye mabati, na kosa lilikuwa nusu yangu: mtu humwambii fundi "kata" bila kumwonyesha wapi.

Mashimo nayo yalikuwa vita. Ardhi yetu hii ya maramu ukishapita sentimita sitini inagonga kama jiwe, na fundi alitaka tuishie hapo. Nikakataa. Tulichimba sentimita 115 kwa mtarimbo, moja baada ya nyingine, siku nne. Sentimita 15 za chini nikajaza kokoto ili maji yapate pa kushukia, kwa sababu zege likizunguka nguzo bila njia ya maji linakuwa kikombe, na nguzo inaoga humo mwaka mzima. Zege la debe moja la saruji, matatu ya mchanga na sita ya kokoto. Mifuko saba ilitosha mashimo yote kumi. Juu tulilipandisha kidogo kupita usawa wa ardhi na kulilaza kwa mteremko, kama mgongo wa kobe, maji yakimbie nje.

Pembe nilizipima kwa kamba kwanza, ile ya pembetatu ya 3, 4 na 5 inayotoa pembe mraba, halafu nikapima kutoka pembe hadi pembe. Kwa mita 6 kwa 9 inatakiwa mita 10 na sentimita 82 pande zote mbili. Mara ya kwanza moja ilikuja 10.95 na nyingine 10.68, yaani jengo lilikuwa limelala ubavu kama kitanda kilicholegea. Tukasogeza mambo za kamba mpaka zikalingana. Usichoke hapo. Nguzo ikishakaa kwenye zege huwezi kuisihi.

Paa ni kenchi nne, kila moja imekumbatia nguzo kwa mbao pande mbili na bolti inayopenya katikati. Nilitoboa kwanza kwa keekee, maana mkaratusi mkavu ukiupiga msumari mnene bila tundu unapasuka mpaka mwisho. Juu ya bolti nikapitisha utepe wa chuma, unapanda upande huu wa nguzo, unavuka kenchi, unashuka upande ule. Fundi aliona naharibu pesa. Jengo lisilo na kuta, nikamwambia, upepo unaingia chini na kulisukuma paa juu, kama mwavuli uliogeuka. Mabati nimeweka geji 28. Duka la kwanza walitaka kuniuzia 30 wakidai ndilo nene kwa kuwa namba ni kubwa. Wewe usidanganyike, namba ikipanda bati linakonda. Kingo za paa nimezitoa nje sentimita 75, mvua isilowanishe miguu ya nguzo, na ubavu mrefu unatazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisinipige machoni nikiwa kwenye randa.

Mwishoni mwa Machi ukaja ule upepo wa kufungua mvua. Ulikuja saa kumi jioni, mweusi, na mchanga ndani yake. Jiko la jirani lilivuliwa paa, tukaliokota kwenye mihogo. Langu lililia usiku kucha, nikalala nikihesabu tepe kichwani. Asubuhi kenchi zote zilikuwa mahali pake. Bati moja la ukingoni tu lilikuwa limefunguka, na nilipopanda nikakuta papi ya pale, ule ubao mwembamba unaoshika bati, imeshikwa kwa misumari miwili ya kawaida. Hiyo niliigonga mwenyewe, jioni, nikiwa na haraka. Fundi hakusema neno. Alitabasamu tu, na tabasamu lile limenigharimu soda mbili.

Radi ndiyo iliyonitisha zaidi. Hukusahau mwaka 2011 kule Kiryandongo, radi ilipopiga shule ya msingi ikaua watoto 18 na mwalimu wao. Bati juu ya nguzo za miti halina njia ya kupeleka umeme ardhini, na sakafu ya udongo haikulindi. Nimefunga waya nene wa shaba kutoka paani kwenye pembe mbili za mkabala, ukashuka hadi kwenye vyuma vya shaba vilivyozamishwa ardhini. Hata hivyo ngurumo ikianza nafunga kazi, tunaingia nyumbani. Vijana wangu wawili wa kazi wanaona ni woga. Sawa.

Sakafu bado ni maramu na udongo wa kichuguu (mama mkwe aliniruhusu kuchota pembeni) ulioshindiliwa. Watu wananiuliza zege lini. Sina haraka nalo. Patasi ikianguka hapa haivunjiki mdomo, na miguu haiumi jioni.

Sasa kuhusu ya kwako. Kabla hujanunua hata msumari, chimba shimo moja la mita, lijaze maji jioni, uangalie asubuhi yamebaki kiasi gani. Ukiyakuta yamejaa, nipigie tuongee upya. Na nguzo ukizileta, kaa nazo. Usiende popote siku ya kukata, hata kama ni Ijumaa. Utaswali ukisharudi nyumbani.

Randa ya marehemu baba yako, ile ya mbao yenye ufa kwenye kishikio, bado ninayo. Nimeitengenezea rafu yake kwenye nguzo mojawapo ya zile tatu zilizogeuzwa. Ukivuka Malaba mwezi ujao kama ulivyosema, njoo uichukue, au uiache papo hapo tufanye kazi pamoja siku mbili. Mama Amina anasema uje na majani ya chai ya Kericho, si yale ya pakiti ndogo.

Wako,
Baba Amina