Ruta ya gari ikifungwa ovyo, mtandao husingiziwa

Mhariri,

Ambulansi ikishindwa kutuma vipimo vya mgonjwa hospitalini, au basi la Gulu likipoteza kamera na mashine ya tiketi njiani, lawama humwangukia mwenye minara. Mara nyingi kosa limo ndani ya gari lenyewe, kwenye ruta (kifaa kinacholiunganisha gari na intaneti kwa laini za simu), na lilianzia kwenye karatasi ya zabuni: "ruta moja, laini mbili", basi. Antena haikutajwa, wala nyaya.

Umeme ndio huharibu kazi kuliko yote. Ruta ya gari ina nyaya tatu: wa moto wa kudumu, wa ati (hasi) na wa kuhisi swichi ya ufunguo. Fundi mwenye haraka huunganisha wa moto na wa swichi pamoja nyuma ya redio. Tatizo ni kwamba waya wa redio hukatwa umeme stata inapozunguka, kwa hiyo ruta huzimika na kuchukua dakika moja au mbili kuwaka tena. Ambulansi imeshaondoka bila mawasiliano. Waya wa moto utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi (ampea 3 kwa kawaida hutosha) ikae karibu na betri, si karibu na ruta. Fyuzi inalinda waya; waya ukichubukia njiani, fyuzi iliyo mwisho wake haina msaada. Hata hivyo betri iliyochoka hushuka chini ya volti 9 wakati wa stata, basi soma kwanza ruta inavumilia kiasi gani.

Kisha ipangwe kujizima dakika 30 baada ya ufunguo kutolewa. Ruta ya wati 8 kwenye volti 12 hula takriban ampea 0.7. Gari likilala saa 60, tangu Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, zimekwenda ampea-saa 40, na betri ya ampea-saa 70 huenda isiwashe injini. Malori na mabasi makubwa ni ya volti 24. Kifaa cha volti 12 pekee ukikichomeka humo, utanusa moshi.

Sasa antena. Ruta iliyofichwa chini ya kiti na vijiti vyake vidogo imefungiwa ndani ya kopo la chuma. Antena ipande juu ya paa, na 4G inataka mbili, si moja. Waya wake uwe mfupi: ule mwembamba wa RG174, mita 5 tu, hula zaidi ya nusu ya mawimbi ya 1800 MHz, na antena ya bei ghali inakuwa pambo. Usihesabu vistari vya mtandao. Fungua ukurasa wa ruta usome RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayoifikia ruta, kwa dBm. Karibu na -80 ni raha, chini ya -110 ni shida, na kwenye mabonde ya Kabale na Kisoro utaiona ikipanda na kushuka kila kona.

Laini mbili za kampuni moja ni laini moja tu. Weka ya MTN na ya Airtel, na ruta isingoje mawimbi yapotee ndipo ihame: bando likiisha, mawimbi yanabaki yamejaa na hakuna kinachopita. Iagize ipige pingi (itume ujumbe mdogo wa kupima kama intaneti inajibu) kila sekunde 30, ikikosa mara tatu ihame. Ruta yenye modemu moja (sehemu inayowasiliana na mnara) hukatika kwa muda inapobadili laini. Kwa basi si neno. Kwa ambulansi nunua ya modemu mbili. Wi-Fi ya abiria itengwe na vifaa vya gari, iwekewe kikomo, la sivyo video za abiria zitamaliza bando la kamera.

Pale Malaba na Busia laini hunasa minara ya Kenya ukiwa bado upande wetu. Gari lisilovuka mpaka lizimiwe rominga, yaani kutumia mtandao wa nchi nyingine.

Nawaomba wanaopokea magari haya wasitie sahihi kabla ya jambo moja: ruta ikiwa imewaka, washeni na kuzima injini mara tatu, kisha someni kwenye ukurasa wake imewaka kwa muda gani. Ikionyesha dakika moja, yaani ilizimika na kuwaka upya, mrudishieni fundi gari lake.

Fundi wa mawasiliano ya magari,
Kampala