Barua kwa mwanangu: namna ya kucheka na joka

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umefika ukurasa wa 60 wa riwaya hiyo ya wachawi na majoka, kila aliyeisoma kakuambia inavunja mbavu, na wewe hujacheka hata mara moja. Usiifunge, mwanangu. Riwaya ya namna hii hutumia kurasa zake za mwanzo kutega, na mtego hauchekeshi mtu mpaka ufyatuke. Hapo ulipo ndipo kamba inapofungwa.

Kwanza uelewe kichekesho chenyewe kinakaa wapi. Ukidhani kiko kwenye uchawi, kwamba mchawi akigeuka chura basi ucheke, utachoka mapema. Kugeuka chura ni ajabu tu. Kinachochekesha ni chura yule kuwa bado na kikao saa nne, na wenzake kukubaliana kwamba kugeuka chura si udhuru. Yaani ulimwengu wa kitabu una sheria zake, na wanaoishi humo wanazichukulia kwa uzito uleule tunaouchukulia mlango au ngazi. Kwa hiyo soma ukitafuta sheria. Utani utakufuata wenyewe.

Tazama kipande hiki kidogo, nimekitunga kwa ajili yako:

Joka lilitua mbele ya lango, likakunja mabawa, likaingia kwenye foleni. Mlinzi alifungua daftari. "Umekuja kuteketeza mji," aliuliza, "au umekuja kutembea?" "Kuteketeza," alijibu joka. "Basi foleni yako ni ile pale."

Uzito wote uko kwenye maneno mawili ya mwisho, "ile pale". Kama kuna foleni ya wateketezaji, basi wateketezaji ni wengi, wamezoeleka, na mji umejipanga kuwapokea. Hakuna aliyekuambia hayo. Umeyajua mwenyewe kwa nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo ndiyo inayochekesha. Sasa jaribu kuandika "Foleni ya kuteketeza ni ile pale, basi nenda ukapange." Habari ni ileile, lakini kicheko kimekufa, kwa sababu neno lenye siri limetangulia na yaliyofuata ni makapi. Ongeza "Watu wote wakashangaa" na umekizika kabisa. Msimulizi mzuri wa vichekesho hashangai. Anasimulia kwa sauti kavu kama anayesoma orodha ya mahudhurio, na mshangao anakuachia wewe.

Kuna jambo jingine humo ndani ambalo wasomaji wa Kiswahili tunalo na wasomaji wa lugha nyingine nyingi hawana. Rudi uangalie: joka lilitua, likakunja, likaingia. Kisha alijibu. Sarufi yetu inaruhusu njia zote mbili kwa viumbe wakubwa kama joka, zimwi na jitu. Ukisema "zimwi limekuja", umelitaja kwa umbo lake, kubwa, la kutisha, mfano wa jabali linalotembea. Ukisema "zimwi amekuja", umempa nafsi. Ana jina, ana mama, pengine ana deni. Mwandishi hodari, au mfasiri hodari, huchezea hapo. Analiacha zimwi liungurume kurasa ishirini kwa li-, kisha siku linapoomba radhi anaanza kutumia a-, na wewe unahisi kitu kimebadilika kabla hujajua ni nini. Vilevile nyoka akikuzwa huwa joka, na joka likidunishwa huwa kijoka, na kijoka kina hatari yake: msomaji anakionea huruma kwa sababu ya ki- yake ndogo, hali mwandishi alishasema mapema kwamba pumzi yake inayeyusha sufuria. Kila ukutanapo na kiumbe mpya, tazama kapewa kiambishi gani, na kimebadilika wapi. Kama katika kitabu chako viambishi vinarukaruka bila sababu ndani ya aya moja, hilo ni kosa la uhariri tu, usilitafutie maana.

Kuhusu sheria za uchawi, chukua daftari dogo. Kurasa tatu zinatosha. Wa kwanza uandike majina ya watu na viumbe, neno moja la kumkumbuka kila mmoja. Wa pili ni wa sheria, na kwa kila uchawi jiulize: nani anauweza, unamgharimu nini, na ni kitu gani hauwezi kufanya. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote, kwa kuwa vichekesho vikubwa vimekaa kwenye ukingo wa lisilowezekana. Ukurasa wa tatu andika ahadi, yaani vitu vilivyotajwa kwa undani bila kazi yoyote: kofia yenye harufu, mlango uliokatazwa, shangazi asiyependa mbuzi. Mwandishi wa ucheshi hapotezi sentensi tatu kwa shangazi wa bure. Shangazi atarudi, na atarudi mahali pabaya kuliko pote. Usiandike zaidi ya mstari mmoja kwa kila kitu, la sivyo utageuza starehe kuwa mtihani.

Ukitaka kuona sheria inavyozaa kichekesho, soma tena kisa cha mvuvi na jini katika Alfu Lela Ulela. Mvuvi amejiwekea kutupa wavu mara nne kwa siku, hazidishi. Mara ya kwanza anavuta punda aliyekufa. Mtupo wa nne unaleta chupa ya shaba iliyozibwa kwa risasi na kupigwa muhuri wa Nabii Suleiman. Jini anatoka na kumwambia habari njema: atamuua. Kisha anaeleza kwa utulivu alivyofikia uamuzi huo. Miaka mia ya kwanza aliapa kumtajirisha atakayemfungua, hakuja mtu. Akaapa kumfungulia hazina za ardhini, hakuja mtu. Akaapa kumpa haja tatu, kimya. Ndipo akakasirika, akaapa kumuua atakayemtoa, ila kwa hisani atamwachia achague namna ya kufa. Hiyo hisani ya mwishoni ndiyo kichekesho. Jini si mpumbavu, ana mantiki kamili na ni mkweli kwa kiapo chake, na mantiki hiyohiyo ndiyo inayomrudisha chupani mvuvi anapomwambia haamini kwamba mwili wote ule ulitosha humo. Angalia hapo hakuna uchawi uliotumika kumshinda. Kiburi chake kimetumika.

Viumbe nao wana historia, na nusu ya utani kuwahusu ni wa aliyeijua historia hiyo. Mfano mzuri ni basiliski, nyoka wa hekaya. Riwaya nyingi humfanya nyoka mrefu kama ukumbi. Lakini Plinio, Mrumi wa karne ya 1, alimwelezea kuwa hazidi vidole 12 kwa urefu, yaani kama sentimita 22, mwenye alama nyeupe kichwani mithili ya taji. Kijinyoka hicho kwa mujibu wake kinakausha vichaka na kupasua mawe, na dawa yake ni kicheche: unamtupa kicheche shimoni, harufu yake inamuua basiliski, na yeye kicheche anafia humohumo. Kwa hiyo ukikuta mwandishi kaweka basiliski anayetoshea mfukoni na watu wanamkimbia, usidhani kabuni. Karudi kwenye asili. Na akimtaja kicheche popote, hata akiwa amelala juu ya kabati sura ya pili, mwandike kwenye ukurasa wa ahadi.

Finiksi naye, ndege wa hekaya tunayemjua kwa moto na majivu, kwa Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale, hana moto wowote. Yeye anasema ndege huyo huja Misri kila baada ya miaka 500 akimbeba baba yake aliyekufa ndani ya yai la manemane ili amzike katika hekalu la Jua, na anaongeza kwamba binafsi kamwona kwenye picha tu. Farasi wa pembe moja, kwa Ctesias, tabibu Mgiriki aliyehudumu kwa mfalme wa Uajemi, alikuwa punda-mwitu wa India mwenye mwili mweupe, kichwa chekundu kilichoiva, macho ya buluu, na pembe ya rangi tatu: nyeupe chini, nyeusi katikati, nyekundu nchani. Mwandishi akimleta mnyama huyo akiwa na hasira kwa sababu watu wanamchora mweupe mtupu, utajua ana haki ya kulalamika.

Lakini usitafute kila kiumbe. Mfuatilie yule tu anayetokea mara ya pili. Ukisimama kila ukurasa kuuliza huyu nani, mdundo unakatika, na ucheshi ni mdundo kabla ya kuwa maana.

Kuna kichekesho kinachorudi, na hicho wengi hukielewa vibaya. Wanaona mwandishi anajirudia. Katika ngano za Unguja alizozichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 yumo Nunda mla watu, ambaye mwanzoni alikuwa paka wa sultani. Paka akamla ndama. Sultani akasema mwacheni, paka ni wangu na ndama ni wangu. Jibu likabaki hilohilo kila mnyama alipoliwa, mpaka zamu ikafika kwa watu. Baadaye mwana mdogo anaingia porini kumsaka, na kila anachoua anakileta kwa mama yake akiimba kwamba amemuua nunda. Kaleta mbwa, mama anamjibu kuwa siye. Safari nyingine kaleta twiga, siye. Kaleta tembo; siye. Ukihesabu utaona kazi ya kila mrudio. Wa kwanza unakupa habari. Wa pili unakufundisha umbo. Kuanzia wa tatu unaanza kungoja, na unapongoja mwandishi anakushika mkononi: anaweza kukupa ulichongoja, akakichelewesha, au akakigeuza. Basi ukikuta sentensi ileile imerudi, usiiruke kwa macho. Isome yote, neno kwa neno, maana neno moja litakuwa limebadilishwa.

Sasa tanbihi, yaani yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa. Terry Pratchett, Mwingereza aliyeandika riwaya 41 za Discworld, mfululizo wa fantasia ya kuchekesha, zilizotoka kati ya 1983 na 2015, alizifanya tanbihi kuwa chumba cha pili cha hadithi, na wengi wamefuata nyayo. Kanuni yangu ni hii: maliza sentensi kwanza, ndipo ushuke chini. Ukishuka katikati, unavunja vichekesho viwili kwa mpigo, kile cha juu ambacho hakijatua na kile cha chini kinachotegemea cha juu kiwe kimetua. Katika kitabu unachosomea kwenye simu, ambapo tanbihi zimepelekwa mwisho wa kitabu, gusa namba, usome, urudi papo hapo. Usiziweke akiba uzisome zote kwa pamoja, hazina ladha hivyo. Nyingi ya riwaya hizo za Pratchett hazina sura, kwa hiyo pumzika penye nafasi tupu kati ya aya. Wala huhitaji kuanza na ya kwanza. Zile za mwanzo zinatania vitabu vya fantasia vilivyotangulia, na asiyevisoma hupitwa na mengi.

Mazungumzo yasome kwa sauti, hata kwa kunong'ona. Mpe kila mtu sauti yake: mchawi mzee polepole, mwanafunzi wake kwa pupa. Utani wa kukatizana maneno hauonekani kwa macho, unasikika. Usisome zaidi ya kurasa 30 kwa kikao. Baada ya hapo kicheko hupungua hata kama kitabu kinapanda, na msomaji humlaumu mwandishi kwa uchovu wake. Ukisoma usiku na usingizi umekukaba, utafuata kisa tu: nani kafa, nani kapata upanga. Kisa cha riwaya hizi mara nyingi ni chepesi kwa makusudi. Ndiyo maana muhtasari wake hauna ladha, na ndiyo maana rafiki yako alipokusimulia kile kipande cha daraja hukucheka. Alikupa habari bila mpangilio wa maneno.

Kama kitabu chako ni tafsiri, majina yakikushinda yatamke. Jina la kipuuzi katika lugha ya kwanza mara nyingi huwa na maana iliyofichwa, na mfasiri ama kaitafutia mwenzake, ama kaliacha kama lilivyo. Akiliacha, hapo umepitwa na utani mmoja bila kosa lako. Songa mbele.

Kwa hiyo rudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea. Chukua nusu saa, pitia kurasa 60 hizo kwa haraka ukiwa na daftari, ujaze ule ukurasa wa ahadi. Nadhani utapata sita au saba. Kisha uendelee hadi katikati ya kitabu uniandikie ni zipi zimeshatimia, na yule joka unayesema anakuudhi kapewa li- au a-.

Mama yako