Sosi ya kitunguu saumu haikatiki bila sababu

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi wiki iliyopita ulieleza namna ya kutengeneza sosi nyeupe, nzito, ya kitunguu saumu ya kulia nyama choma. Tulifurahi kuiona, maana ni sosi ya vitu vichache tu na inaiacha mbali ile ya chupa. Lakini maelezo yalisema vitu vyote vitiwe kwenye blenda kwa mara moja, mafuta yawe ya zeituni, na itakayobaki ifunikwe iwekwe kabatini hata miezi miwili. Atakayefuata hivyo ataambulia mafuta yanayoelea juu ya maji machungu, na hilo la kabatini linaweza kumlaza hospitali. Tunaomba nafasi ya kusahihisha.

Vipimo kwanza. Punje za kitunguu saumu zilizomenywa gramu 120, ambazo ni kama vichwa vitatu vya wastani. Chumvi laini kijiko kimoja cha chai. Maji ya limau mililita 60, maji ya barafu mililita 60, na mafuta yasiyo na harufu kali, mfano ya alizeti, mililita 600. Ukitaka kidogo, gawanya kila kitu kwa mbili, ila usishuke chini ya hapo kama blenda yako ni ya jagi kubwa: visu vitazunguka hewani huku kitunguu saumu kimeganda ukutani mwa jagi, nawe utadhani kimesagika. Kwa kiasi kidogo tumia blenda ya mkono na chombo chembamba, au kinu na mchi.

Mafuta na maji hayapatani, hilo kila mtu analijua. Kinachoyapatanisha hapa ni kitunguu saumu chenyewe. Kikisagwa hadi kuwa laini kabisa hutoa vitu vinavyolizunguka kila tone dogo la mafuta na kulizuia lisiungane na jirani yake. Chembe ambayo haijasagika haisaidii chochote, imefungia mali yake ndani. Kwa hiyo ukiona vijipande bado vinaonekana, hujafika wakati wa kutia mafuta, hata kama mkono unawasha. Wengi hukosea hapa, dakika tano kabla ya kukiona kosa lenyewe.

Pasua kila punje katikati na utoe kichipukizi. Kikiwa cheupe na chembamba hakina neno, kikiwa cha kijani huleta uchungu unaong'ang'ania kooni, na hakuna limau wala sukari itakayouficha. Punje zilizolegea au zenye madoa ya kahawia ziache kando kabisa. Saga punje na chumvi peke yake kwanza. Chumvi hufanya kazi ya mchanga, inakwaruza na kutoa maji. Simamisha mashine mara tatu au nne ukwangue kuta kwa mwiko wa mpira. Unatafuta uji mzito usio na chembe hata moja ukiusugua katikati ya vidole viwili.

Limau linaingia lini? Ukali wa kitunguu saumu haumo ndani ya punje nzima. Unazaliwa pale punje inapokatwa, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinapokutana na kitu kingine kilichomo ndani ya punje hiyo na kutengeneza alisini, ile inayochoma ulimi. Uchachu wa limau hukizuia kimeng'enya hicho. Ukisaga punje pamoja na limau tangu mwanzo unapata sosi ya upole. Ukisaga na chumvi tu ukaacha dakika kumi ndipo utie limau, unapata sosi inayopiga puani. Limau la kuchelewa haliondoi ukali uliokwisha kutoka, linazuia usiongezeke tu. Sisi huweka nusu ya limau wakati wa kusaga na kubakiza nusu ya kupokezana na mafuta. Anayelisha watoto aweke robo tatu mwanzoni. Mara nyingine uji hugeuka rangi ya kijani au bluu baada ya kuguswa na limau. Watu huumwaga kwa hofu, bure kabisa: ni kemia ya kitunguu saumu na uchachu, haidhuru.

Sasa mafuta. Yaweke kwenye friji nusu saa kabla, kwa sababu mashine ikizunguka muda mrefu hupata joto, na sosi ya vuguvugu hukatika upesi, yaani mafuta hujitenga na maji. Washa mashine, anza kwa matone. Tunaposema matone tunamaanisha matone: kijiko kimoja cha chakula cha kwanza kichukue karibu nusu dakika kuingia. Kisha uzi mwembamba, usiozidi unene wa njiti ya kiberiti. Kama mkono wako hauwezi kutulia, toboa kifuniko cha chupa ya plastiki kwa sindano nene, tia mafuta humo, uinamishe; chupa itakupimia yenyewe. Mililita 120 za mwanzo zichukue dakika mbili hadi tatu. Zikiisha salama, hatari kubwa imepita na unaweza kuongeza mwendo kidogo.

Kuanzia hapo ni kupokezana. Mafuta mililita 120, halafu limau kidogo. Mafuta tena, limau tena. Limau likiisha, maji ya barafu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sosi hii huwa nzito kwa kuongezewa mafuta, na huwa nyepesi kwa kuongezewa maji. Matone ya mafuta yanasongamana kama abiria kwenye basi lililojaa, hakuna pa kujigeuza, na msongamano huo ndio uzito unaouona kwenye kijiko. Lakini basi nalo lina kiasi chake. Maji yakiwa machache mno kulinganisha na mafuta, matone yanabanana hadi yanapasuka na kuungana, na sosi inakatika mbele ya macho yako ndani ya sekunde chache.

Dalili hutangulia. Sosi nzuri ni nyeupe, haimetameti, na ukiinua mwiko inasimama kilele. Ikianza kung'aa kama imepakwa vaselini, au ukaona ukingo mwembamba wa mafuta pale inapogusana na ukuta wa chombo, acha mafuta papo hapo. Tia kijiko cha chai cha maji ya barafu, zungusha sekunde kumi, tazama tena. Mara nyingi weupe unarudi.

Ikishakatika, kuendelea kuizungusha hakusaidii. Unaipa joto tu. Mimina yote kwenye jagi. Osha chombo na ukikaushe. Weka humo punje tatu au nne mpya zilizosagwa laini na chumvi kidogo na kijiko cha maji ya barafu, halafu rudisha ile iliyoharibika tone kwa tone, kana kwamba ndiyo mafuta. Inarudi karibu kila mara. Mwandishi wa ukurasa wenu alishauri kuongeza unga wa mahindi ili iwe nzito. Hiyo ni njia ya kupata uji wa kitunguu saumu, si sosi.

Kuhusu zeituni. Mafuta ya zeituni ya daraja la kwanza yakipigwa na visu vya mashine huwa machungu, na uchungu huo huzidi kadiri unavyoyapiga. Wakatalani wa Hispania hutengeneza sosi ya allioli, jina ambalo maana yake ni kitunguu saumu na mafuta tu, kwa zeituni hayohayo bila shida, lakini wao huisaga kwa kinu na mchi. Ukitaka ladha ya zeituni na una mashine, tengeneza sosi kwa alizeti hadi imalizike, kisha changanya vijiko viwili vitatu vya zeituni kwa mwiko.

Wasiotaka ukali wa kitunguu saumu peke yake wana njia ya maziwa, nayo ni rahisi kuliko zote. Maziwa yenye mafuta yake mililita 100, punje mbili, chumvi robo kijiko cha chai, mafuta ya alizeti mililita 200, vyote kwenye jagi jembamba linaloingia kichwa cha blenda ya mkono bila nafasi kubwa. Shusha blenda hadi chini kabisa, iwashe, usiitikise kwa sekunde ishirini. Weupe ukianza kupanda, inua polepole. Limau, vijiko viwili vya chai, huja mwisho. Protini za maziwa ndizo zinazoshika mafuta hapa, ndiyo maana hata punje zilizochomwa kwenye oveni, ambazo zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo huo, zinafaa kwa njia hii na huipa sosi utamu na rangi ya kahawia nyepesi.

Njia ya kiini cha yai inajulikana: kiini kimoja kwa mililita 180 hivi za mafuta, haradali kijiko cha chai, punje tatu. Neno letu ni kuhusu yai bichi linalokaa mezani juani. Kama walaji ni wajawazito, wazee au watoto wadogo, changanya kiini na vijiko viwili vya maji na limau, kipashe kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi nyuzi 71 za Selsiasi, kipoe kabisa, ndipo utie mafuta. Bila kipimajoto usibahatishe, rudi kwenye ya maziwa.

Kwenye jiko la mkaa, sosi hii haina kazi wakati nyama iko motoni. Ukiipaka, joto linaikata, mafuta yanadondokea makaa, miali inaruka na nyama inapata masizi. Kitunguu saumu nacho kinaungua na kuwa kichungu. Ipakwe nyama ikishaepuliwa na kupumzika dakika chache. Tena, bakuli la mezani lisiguswe na brashi wala koleo iliyoshika nyama mbichi. Atakayetaka kulowekea nyama achote kiasi chake kwenye bakuli lingine kabla, na kinachobaki humo kimwagwe. Mezani sosi ikae si zaidi ya saa mbili, na saa moja tu ikiwa joto limepita nyuzi 32. Bakuli likizamishwa ndani ya sinia la barafu, sosi inabaki nzito pia.

Tumefika kabatini. Kitunguu saumu hutoka ardhini, na udongo hubeba mbegu za bakteria Clostridium botulinum. Mbegu hizo hazifi kwa maji yanayochemka. Kinachowafaa bakteria hao ni mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu wa kutosha na pasipo na ubaridi, na kitunguu saumu kilichozamishwa ndani ya mafuta kwenye joto la chumba kinawapa vyote vitatu. Sumu wanayotoa hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Haina harufu wala haibadilishi ladha, kwa hiyo kunusa chupa hakukwambii kitu. Mwaka 1985 watu 36 waliugua kutokana na mkahawa mmoja wa Vancouver, Kanada, na chanzo kilikuwa kitunguu saumu kwenye mafuta ambacho hakikuwekwa kwenye friji. Baada ya tukio jingine kama hilo mwaka 1989, Marekani iliwalazimisha watengenezaji wa bidhaa hiyo kuitia asidi.

Limau lililomo kwenye sosi yetu linasaidia, lakini jikoni hakuna anayepima uchachu, na malimau hayalingani. Kwa hiyo hesabu ni hii: chupa safi yenye kifuniko, friji yenye nyuzi 4 au chini, siku nne. Andika tarehe kwenye kifuniko. Ukitengeneza nyingi mno, usiigandishe ile ya yai au maziwa, itakatika ikiyeyuka. Afadhali kugandisha uji wa kitunguu saumu na chumvi peke yake kwenye trei ya barafu na kutia mafuta siku ya kuchoma.

Tunaomba hilo la miezi miwili lirekebishwe kwenye ukurasa uleule lilikochapwa na kwa herufi zilezile, maana waliokata karatasi na kuibandika kwenye mlango wa friji hawasomi barua za wasomaji. Aliyekwisha kuiweka kabatini aimwage, asiionje kwanza.

Ni sisi,
Wapishi wawili wa nyama choma