Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: majibu ya tafiti yarudi kwa wagonjwa

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu kutoka Ngamiani. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanya kliniki ya kisukari na presha. Nakuandikia hadharani kwa sababu nataka wagonjwa nao waisome barua hii.

Wanafunzi wa uuguzi na watafiti huja na madodoso yao. Humkuta mgonjwa yupo kwenye benchi tangu alfajiri, hajanywa hata chai, akisubiri kupimwa. Wanamuuliza: unazijua dalili za sukari kushuka? Unakagua miguu? Dawa unameza kila siku? Anawajibu, wanamshukuru, wanaondoka. Aliyejibu "sijui" anarudi nyumbani vilevile hajui. Ripoti inakwenda chuoni, na kliniki iliyotoa wagonjwa haipati hata ukurasa mmoja wa Kiswahili.

Siupingi utafiti. Bila utafiti wa kitaifa wa 2012 tusingejua kwamba kati ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Lakini takwimu haimwoshi mtu mguu.

Niseme la mguu, maana hilo limenikaa moyoni. Mzee mmoja mvuvi alivua kandambili mbele yangu ili nimtazame ukucha. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kipande cha ganda la chaza, kimezama, pembeni usaha. Hakuwa na habari nacho. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi, na kidonda kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Alichohitaji ni kufundishwa kutazama nyayo zake kila jioni, au kumwomba mjukuu amtazamie. Sisi wa pwani hii somo hilo si geni: wagonjwa wa matende hufundishwa kuosha mguu kwa maji na sabuni na kukausha katikati ya vidole, na wanaofanya hivyo hupata nafuu. Mgonjwa wa kisukari naye afundishwe.

Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani aliyeeleza nadharia ya kujihudumia, alihesabu kumfundisha na kumtegemeza mgonjwa kuwa uuguzi kamili. Kwetu elimu hutolewa kama muda umebaki, na muda haubaki. Ndiyo maana yupo mama muuza mbaazi na maandazi anayemeza dawa ya presha asubuhi ya kliniki tu, ili kipimo kisome vizuri asigombezwe. Kwenye dodoso atajibu "ndiyo, kila siku". Ukweli alimwambia muuguzi aliyekaa naye bila haraka.

Halafu kuna Ramadhani. Kila mwaka wapo wanaorundika dozi ya asubuhi na ya jioni wakati wa kufuturu, na wapo wanaoacha dawa mwezi mzima. Wengine sukari inashuka alasiri, jasho linawatoka, mikono inatetemeka, lakini wanaona aibu kufungua. Hawajaambiwa kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye kipimo wanapaswa kufungua hapo hapo, wala kwamba ratiba ya dawa hupangwa na daktari kabla ya mwezi kuandama. Mafunzo haya yangeanza Rajabu, misikitini na kwenye vikoba, masheikh wakiwa pamoja nasi.

Ninachoomba, Daktari, kiko ndani ya uwezo wako. Mtafiti yeyote anayewahoji wagonjwa wa mkoa huu apewe sharti la kurudi na kueleza matokeo yake kwa Kiswahili, pale pale kliniki, mbele ya aliowahoji. Siku ya kliniki awepo muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kufundisha, asiitwe kwenda kuchoma sindano wala kuandika rejesta. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioingia kwenye mpango wa taifa uliozinduliwa 2024 wafundishwe kukagua miguu na kupima presha nyumba kwa nyumba, kuanzia Makorora hadi Tongoni.

Wastaafu wa fani hii tupo wengi hapa mjini. Ukituita kufundisha, mimi nitakuja.

Wako katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Ngamiani, Tanga